Neno Lenye Mabwana Wawili: Historia ya Neno Dogo la Kihispania

Wasomaji wetu waliosoma Kifaransa shuleni wanaijua taabu hii. Mwalimu anaandika ubaoni: j'ai écrit une lettre, nimeandika barua. Neno écrit limekaa bila kuongezwa kitu. Kisha anaandika: la lettre que j'ai écrite, barua niliyoiandika. Sasa neno lile lile limeongezwa herufi e mwishoni. Mbona? Mwanafunzi anapewa kanuni, anaishika kwa moyo, anafanya mtihani, kisha anaisahau. Wala si watoto wa Afrika tu wanaosumbuliwa nayo. Watoto wa Paris na wa Bruxelles hutoka jasho vilevile.

Ng'ambo ya milima ya Pirenei, majirani wa Wafaransa, yaani Wahispania, hawana taabu hiyo. Wao husema he escrito una carta, nimeandika barua. Barua hata zikiwa mia, na hata zikitajwa mbele ya kitenzi au nyuma yake, escrito habadiliki. Lakini neno hilo hilo likipewa kazi nyingine hubadilika kabisa. Carta escrita ni barua iliyoandikwa. Cartas escritas ni barua zilizoandikwa. Libro escrito ni kitabu kilichoandikwa. Libros escritos ni vitabu vilivyoandikwa. Neno ni moja, tabia ni mbili. Kwa bwana mmoja linakaa mahali pake kama jiwe. Kwa bwana wa pili linafuata kila hatua.

Leo twataka kueleza tabia hizo mbili zimetoka wapi. Hatuelezi kwa ajili ya wale tu wanaotaka kujifunza Kihispania, ingawa lugha hiyo ni lugha ya serikali katika nchi 20, na mojawapo ni ya bara letu, yaani Guinea ya Ikweta, jirani ya Gabon na Kameruni. Twaeleza kwa sababu historia ya neno hili dogo yaonyesha wazi jinsi lugha za watu zinavyotengenezwa, na nani hasa anayezitengeneza.

JINA LAKE NA SURA YAKE

Wataalamu wa Ugiriki na wa Roma walipogawa maneno katika mafungu, waliona maneno fulani hayakai sawasawa katika fungu lolote. Yalizaliwa na vitenzi, kwa hiyo yalisema habari ya tendo. Lakini yalivaa nguo za majina, yaani yalikuwa ya kiume au ya kike, ya umoja au ya wingi. Waroma wakayaita participium, kutoka maneno mawili: pars, sehemu, na capere, kutwaa. Maana yake ni neno linalotwaa sehemu huku na huku, neno linaloshiriki. Basi hapa tutaliita neno-shiriki.

Katika Kihispania neno-shiriki la wakati uliopita hutengenezwa kwa njia rahisi. Kitenzi kikiishia na -ar, neno-shiriki lake huishia na -ado: hablar, kusema, hablado. Kitenzi kikiishia na -er au -ir, neno-shiriki lake huishia na -ido: comer, kula, comido, vivir, kuishi, vivido. Katika maandiko ya karne ya 13 twaona pia mwisho wa tatu, -udo, kama tenudo, kilichoshikwa, na vençudo, aliyeshindwa. Mwisho huo ulikufa baadaye, na maneno yake yakahamia upande wa -ido.

Lakini yako maneno machache yasiyokubali kanuni. Decir, kusema, ina dicho. Hacer, kufanya, ina hecho. Escribir, kuandika, ina escrito. Romper, kuvunja, ina roto. Abrir, kufungua, ina abierto. Morir, kufa, ina muerto. Maneno hayo si ya kigeni. Ni Kilatini chenyewe kilichopita katika vinywa vya watu kwa miaka elfu mbili: dictum, factum, scriptum, ruptum, apertum, mortuum. Mwafikiri kwa nini hayakunyoshwa kama mengine? Ni kwa sababu yatumika kila siku. Mtoto huyasikia mara elfu kabla hajaweza kuitambua kanuni, na kwa hiyo sura yao ya kale huhifadhiwa. Maneno ya kutumika mara chache ndiyo yanayosahauliwa sura zao, na watu huyatengeneza upya kwa mfano wa mengine.

Mtu anayesema Kiswahili hashangai kuona sifa ikilifuata jina lake. Ngeli zetu zimetuzoeza hayo tangu utotoni. Twasema mti umekauka. Na kutoka kitenzi hicho tuna sifa -kavu: mti mkavu, miti mikavu, kitambaa kikavu. Kutoka kutulia tuna -tulivu: mtu mtulivu, watu watulivu. Kutoka kupungua tuna -pungufu. Maneno hayo ni jamaa wa neno-shiriki: yamezaliwa na vitenzi, yanavaa nguo za majina. Kwa hiyo carta escrita na cartas escritas hayatusumbui. Linalotushangaza sisi ni jambo la pili: imekuwaje neno lenye desturi ya kufuata likaacha kufuata?

WAROMA WALIVYOSEMA

Majeshi ya Roma yalishuka katika Hispania mwaka wa 218 kabla ya Kristo, katika vita yao na Kartago. Kazi ya kuitiisha nchi nzima iliwachukua karibu miaka 200. Ilimalizika mwaka wa 19 kabla ya Kristo, wakati wa Kaisari Augusto. Askari, wafanya biashara na walowezi walileta Kilatini chao, na wenyeji wakajifunza lugha hiyo sokoni, kambini na mashambani, kuliko walivyojifunza vitabuni.

Katika Kilatini, mtu aliyetaka kusema nimeandika alisema scripsi. Neno hilo moja lilitosha kwa niliandika na kwa nimeandika pia. Lakini kulikuwa na usemi mwingine: habeo litteras scriptas. Habeo ni ninayo, ni mali yangu. Litteras ni barua. Scriptas ni zilizoandikwa. Maana yake basi ni: nina barua, nazo zimekwisha andikwa. Neno scriptas lilikuwa sifa ya barua, na kwa kuwa litteras ni jina la kike na la wingi, scriptas nalo lilivaa mwisho wa kike na wa wingi.

Msomaji aangalie jambo moja. Usemi huo haukusema nani aliyeandika. Labda ni mimi mwenyewe, labda ni karani wangu. Ulisema tu kwamba barua ninazo, na kazi yake imemalizika. Lakini mara nyingi mwenye kitu kilichomalizika ndiye aliyekifanyia kazi. Aliye na shamba lililolimwa kwa kawaida ndiye aliyelima. Hivyo masikio ya watu yakaanza kusikia tendo mahali palipokuwa na mali.

Njia hiyo ilifunguka zaidi katika maneno ya akili. Cicero, msemaji mkuu wa Roma aliyekufa mwaka wa 43 kabla ya Kristo, hutumia semi kama cognitum habeo, yaani nina jambo lililojulikana. Barua zangu mtu mwingine aweza kuniandikia. Lakini hakuna awezaye kujua kwa niaba yangu. Nikiwa nina jambo lililojulikana akilini mwangu, bila shaka ni mimi ninayelijua. Hapo kuwa na kitu na kutenda tendo vilikuwa kitu kimoja, na habeo, neno la tajiri, lilianza kupoteza mali yake.

SISI NASI TUMEPITA NJIA HIYO

Mtu asidhani kwamba mambo haya ni ya Wazungu tu. Katika Kiswahili, kwisha ni kitenzi kamili chenye maana yake: kazi imekwisha, chumvi imekwisha. Lakini twasema pia amekwisha kufika, na kwa ufupi ameshafika. Na kwetu Kongo wengi husema alishafika. Katika alishafika hakuna tena anayefikiri habari ya kumalizika kwa kitu. Kitenzi kizima kimefupishwa kuwa silabi moja, na kazi yake sasa ni kusaidia kitenzi kingine.

Hata -me- ya nimefika, ambayo watoto wetu huitumia bila kuiwaza, ina historia kama hiyo. Wataalamu wa lugha za Kibantu huonyesha kwamba imetoka katika kitenzi cha kale -mala, maana yake kumaliza, na kumbukumbu yake ingali katika neno lenyewe la kumaliza. Waroma walichukua kitenzi cha kuwa na mali, sisi tukachukua vitenzi vya kumaliza na kwisha. Njia ni mbili, lakini mwendo ni mmoja: neno lenye maana nzito laitwa kusaidia, laendelea kusaidia vizazi na vizazi, na mwisho maana yake ya kwanza yasahauliwa.

NJIA PANDA YA KARNE ZA KATI

Dola la Roma lilianguka, na Kilatini cha Hispania kiliendelea kugeuka. Mwaka wa 711 Waislamu walivuka kutoka Afrika ya Kaskazini wakashika sehemu kubwa ya nchi. Kaskazini zilibaki falme ndogo, na katika mojawapo, Castilla, ndimo kilimokua Kihispania tunachokijua. Shairi kubwa la kwanza la lugha hiyo ni lile la Cantar de mio Cid. Lilitungwa kwenye mwaka wa 1200 hivi. Maandiko yake yana tarehe ya mwaka wa 1207 na jina la mwandikaji, Per Abbat. Lahusu shujaa Rodrigo Díaz, aliyekufa mwaka wa 1099. Jina lake la sifa, Cid, ni neno la Kiarabu lenye maana ya bwana; ni lile lile lililoingia katika Kiswahili cha pwani kuwa Sayyid.

Katika shairi hilo twakuta neno letu likiwa limesimama njia panda. Kitenzi habeo kimekuwa haver au aver, na mara nyingi neno-shiriki lililo karibu nacho hufuata bado kitu kinachotajwa: kikiwa cha kike, lavaa -a; kikiwa cha wingi, lavaa -s. Lakini mara nyingine halifuati. Katika shairi lile lile, tabia zote mbili zakaa pamoja. Tena maneno hayo mawili yalikuwa bado na uhuru wa kuachana: neno-shiriki liliweza kutangulia, na neno jingine liliweza kukaa katikati yao. Leo sivyo. Mhispania hukaza he na escrito pamoja, wala kwa kawaida haingizi neno kati yao.

Kulikuwa na jambo jingine. Vitenzi vya kwenda, kuja, kufika, kuzaliwa na kufa havikutumia haver, bali ser, yaani kuwa. Hao wa zamani walisema es venido, amekuja, na son llegadas, wamefika hao wanawake. Nalo neno-shiriki lilimfuata mwenye kutenda. Wanaojua Kifaransa wataona mara moja kwamba ni desturi ile ile ya elle est arrivée, elles sont parties, ambayo Wafaransa wameishika hata leo. Wahispania waliiacha. Haver, ambayo sasa huandikwa haber, iliendelea kunyakua kitenzi baada ya kitenzi. Katika Don Quijote, kitabu cha Cervantes kilichotoka mwaka wa 1605 na sehemu yake ya pili mwaka wa 1615, mabaki ya desturi ya zamani yaonekana bado. Karne hiyo ilipokwisha, desturi ilikuwa karibu imekufa. Leo husemwa ella ha llegado, amefika yule mwanamke, na llegado halionyeshi kamwe kwamba ni mwanamke.

TAJIRI ALIYEGEUKA MTUMISHI

Kumbe wakati huo huo mambo mengine yalikuwa yakitokea nyumbani mwa haber. Kilatini kilikuwa na kitenzi tenere, maana yake kushika. Katika Kihispania kikawa tener. Hapo kwanza mtu alisema tener kwa kitu alichokishika mkononi, na haber kwa mali yake. Lakini anachokishika mtu mkononi mara nyingi ndicho alicho nacho. Kwa hiyo polepole tener ikaingia katika shamba la haber. Katika karne ya 16 kazi hiyo ilikuwa inamalizika. Juan de Valdés, aliyeandika kitabu cha mazungumzo juu ya lugha yake kwenye mwaka wa 1535, ashuhudia kwamba kutumia haber kwa maana ya kuwa na kitu kulikuwa ni usemi wa zamani, ingawa wengine walikuwa wakiutumia bado.

Basi haber ikawa kama tajiri aliyeuza mashamba yake yote, akabaki kubeba mizigo ya wengine. Haikuwa na mali tena. Na hapa ndipo lilipo jibu la swali letu. Neno-shiriki lilikuwa likikifuata kitu kwa sababu lilikuwa sifa ya kitu hicho: barua ninazo, nazo zimeandikwa. Mali ilipotoweka katika usemi, neno-shiriki halikuwa tena na kitu cha kusifu. Likamwacha mwenye mali wa zamani, likajifunga na haber, nao wawili wakawa kitenzi kimoja. Ndiyo maana escrito katika he escrito hukaa bila kubadilika: si sifa tena, ni nusu ya kitenzi.

Mtu wa kwanza kulitambua jambo hilo kwa wazi na kuliandika alikuwa Antonio de Nebrija. Mwaka wa 1492, mwaka ule ule Kolombo aliovuka bahari, Nebrija alipiga chapa mjini Salamanca sarufi ya Kikastilia, akaiweka chini ya jina la Malkia Isabel. Nebrija alikuwa bingwa wa Kilatini. Ingekuwa rahisi kwake kuwaambia watu: Waroma walifuatisha neno-shiriki na jina, nanyi fuatisheni. Hakufanya hivyo. Alisikiliza watu wanavyosema, akaona kwamba mwanamke naye husema he amado, nimependa, wala hasemi he amada. Akaamua kwamba neno hilo, ingawa lafanana na neno-shiriki, si neno-shiriki tena. Akalifanyia fungu lake peke yake, akaliita nombre participial infinito, na hivyo mafungu ya maneno katika kitabu chake yakafika kumi. Wataalamu waliomfuata hawakulishika jina hilo, lakini jambo alilolisikia lilikuwa kweli.

Wafaransa walipita njia nyingine. Katika karne yao ya 16 mshairi Clément Marot, akiangalia mfano wa Waitalia, aliwafundisha kanuni ya kulifuatisha neno na kitu kilichotajwa mbele yake. Wenye vitabu wakaipokea, shule zikaikaza, na hivi hata leo mwanafunzi wa Lubumbashi au wa Bukavu huandika que j'ai écrite. Kihispania kiliachwa kifuate mwendo wa wasemaji wake.

DESTURI YA LEO

Sasa na tuone mabwana hao wawili wanavyotumikiwa leo, maana mwenye kujua historia hana haja ya kukariri sana.

Penye haber, neno-shiriki halibadiliki: he comido, nimekula, habíamos salido, tulikuwa tumetoka, habrán llegado, watakuwa wamefika. Penye vitenzi vingine, hufuata jina lake kama sifa. Kwanza ni estar, iliyotoka katika stare ya Kilatini, kusimama. Hiyo yasema hali kitu kilimo: la puerta está cerrada, mlango umefungwa, uko katika hali ya kufungwa. Pili ni ser, nayo yasema tendo linalotendeka: la puerta es cerrada por el portero, mlango unafungwa na bawabu. Sisi huonyesha tofauti hiyo kwa -me- na -na-. Wao huionyesha kwa vitenzi viwili vya kuwa.

Tatu ni tener, yule aliyechukua mali ya haber. Tengo escritas las cartas maana yake barua ninazo tayari zimeandikwa. Ni usemi ule ule wa Waroma wa habeo litteras scriptas, umezaliwa mara ya pili, na kwa kuwa tener ina mali, escritas lafuata barua. Majirani zao Wareno wameendelea mbele zaidi: wao wameifanya ter yao kuwa kitenzi cha kusaidia, na katika tenho escrito neno-shiriki limekwisha acha kufuata. Wasomaji wetu walio karibu na Angola waweza kulisikia hilo wenyewe. Gurudumu limezunguka tena.

Anayetaka kuupima ujuzi wake na autazame usemi huu: las cartas han sido escritas, barua zimeandikwa. Yako maneno-shiriki mawili. Sido liko karibu na haber, kwa hiyo limekaa. Escritas ni la ser, lasifu barua, kwa hiyo limevaa kike na wingi. Mabwana wote wawili wako katika sentensi moja, na kila mmoja ametumikiwa kwa desturi yake.

Mara nyingine lugha imegawa kazi hizo kwa maneno mawili mbalimbali. Mhispania husema ha bendecido, amebariki, lakini maji ya baraka huyaita agua bendita: bendecido ni nusu ya kitenzi, bendita ni sifa tu. Vitenzi vitatu, vya kukaanga, kupiga chapa na kutoa mahitaji, vina maneno mawili yaliyo halali hata penye haber: freído na frito, imprimido na impreso, proveído na provisto.

Ajifunzaye na awe macho penye maana pia. Callado ni mtu mnyamavu. Leído, likisemwa juu ya mtu, si mtu aliyesomwa bali mtu aliyesoma vitabu vingi. Bebido ni mtu aliyekunywa mno. Está aburrido ni mtu amechoshwa. Es aburrido ni mtu anayewachosha wenzake. Anayekosea hapo aweza kumtukana rafiki yake bila kujua.

MANENO YALIYOSAFIRI

Maneno-shiriki mengine yaliacha kabisa kusaidia vitenzi yakawa majina. Comida, kilicholiwa, ni chakula. Dicho, kilichosemwa, ni msemo au methali. Abogado, mwanasheria, ni mtu aliyeitwa kusaidia. Criado, mtumishi wa nyumbani, kwa asili ni mtu aliyelelewa nyumbani. Armada, iliyopewa silaha, ni jeshi la merikebu, kama lile Mfalme Filipo wa Pili alilolituma kupigana na Waingereza mwaka wa 1588. Nevada, iliyofunikwa kwa theluji, na Colorado, iliyotiwa rangi nyekundu, leo ni majina ya majimbo ya Marekani.

Lililowapoteza watu wengi kuliko yote ni El Dorado. Dorado ni neno-shiriki la dorar, kupaka dhahabu. Hapo kwanza halikuwa jina la nchi. Lilimtaja mtu, mtawala wa watu wa Muisca katika nchi inayoitwa sasa Kolombia, aliyesimuliwa kwamba hupakwa unga wa dhahabu mwilini akaingia katika ziwa la Guatavita. Wageni wenye tamaa walilisikia neno, wakalifanya kuwa mji, kisha nchi nzima, na wengi wao walifia msituni wakiitafuta. Walikuwa wakitafuta sifa iliyopoteza jina lake.

Nasi tunalo mojawapo midomoni mwetu. Neno misa, ambalo Wahispania nao huliandika misa vilevile, ni missa ya Kilatini, neno-shiriki la mittere, kutuma au kuruhusu kwenda. Hapo zamani lilikuwa neno la kuwaaga watu mwishoni mwa ibada. Baadaye likawa jina la ibada yenyewe. Kila asemaye Jumapili kwamba anakwenda misani asema neno-shiriki la Kilatini.

FUNZO LAKE

Twarudi kwa swali la nani anayezitengeneza lugha. Chuo cha Kifalme cha Kihispania kiliundwa mjini Madrid mwaka wa 1713, na sarufi yake ya kwanza ilitoka mwaka wa 1771. Wakati huo kazi yote tuliyoieleza ilikuwa imekwisha tendeka. Wenye chuo hawakuibuni kanuni ya he escrito, waliikuta. Waliofanya kazi ni wachungaji, wachuuzi, akina mama na mabaharia, kwa miaka elfu na zaidi, bila mkutano wala amri.

Nao watu hao walichekwa. Kutoka zama za kale imebaki orodha ya makosa zaidi ya 200, ambamo mwalimu mmoja wa Kilatini awaonya watu wasiseme vibaya. Kwa mfano, wasiseme oricla badala ya auris, sikio. Lakini leo Mhispania husema oreja, na oreja ni mtoto wa oricla. Kosa lile ndilo lililozaa. Hata sasa Wahispania wengi katika mazungumzo husema cansao badala ya cansado, amechoka, na hakuna ajuaye kama wajukuu zao wataiandika d hiyo.

Hatusemi kwamba kila kosa ni halali. Anayeandika leo he escrita una carta amekosa, wala historia haitamwokoa penye mtihani. Kosa ni la mtu mmoja kwa siku moja. Badiliko ni la watu wote kwa miaka mingi. Kazi ya mwenye elimu ni kuvipambanua viwili hivyo, na hawezi kuvipambanua asiposikiliza kwanza, kama Nebrija alivyosikiliza.

Jambo hili latuhusu sisi tusemao Kiswahili huku bara. Mara ngapi tumesikia Kiswahili cha Kongo kikiitwa lugha iliyovunjika, kana kwamba aliyesema alishafika amevunja chombo cha mtu? Na mara ngapi vijana wetu wameona haya kusema mbele ya mtu wa pwani? Na wajifunze Kiswahili sanifu kwa bidii, maana kinawafungulia vitabu na nchi nyingi. Lakini wasiione lugha ya mama zao kuwa takataka. Kilatini cha sokoni nacho kiliitwa hivyo, nacho ndicho kilichozaa Kihispania, Kireno, Kifaransa na Kiitalia. Mwalimu atakayekaa na daftari lake, akaandika jinsi watu wa Kisangani, wa Bukavu na wa Lubumbashi wanavyosema kweli, kabla hajaandika jinsi wanavyopaswa kusema, atakuwa amelifanyia taifa lake kazi ile Nebrija aliyoifanya Salamanca mwaka wa 1492.